Shangazi, mafunzo ya mgahawa wa kifahari yananielemea

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, mzaliwa wa Bombo, na kwa sasa ninaishi Kawempe kwa mama yangu mdogo. Tangu nilipomaliza shule nilikuwa mhudumu katika hoteli ndogo ya chakula karibu na paki ya teksi huko nyumbani, mahali ambapo mteja huingia akiwa na haraka, huuliza kilichopo, huletewa matoke na mchuzi wa karanga au pilau, hulipa na kwenda zake. Mwenye hoteli alinipenda kwa sababu nilizishika oda za meza zote kichwani bila kuandika, na wateja wengi waliniulizia kwa jina.

Mwezi uliopita nilichukuliwa katika mgahawa wa kifahari ulioko Kololo, mtaa wa matajiri hapa Kampala. Tuliambiwa kwamba kuna mafunzo ya mwezi mmoja, kisha mtihani mbele ya meneja na mpishi mkuu, na atakayefaulu ndiye atakayekabidhiwa meza zake. Nilifurahi mno, lakini sasa kila usiku ninaporudi nyumbani ninajiuliza kama mahali hapo ni pangu.

Kwanza, kila nilichokizoea kinahesabiwa kuwa kosa. Nikiwahi kuondoa sahani ya aliyemaliza ili meza iwe safi, ninaambiwa nimewafukuza wageni. Nikishika glasi karibu na mdomo wake, ninarudishwa kuiosha. Tunatakiwa kubeba sahani tatu kwa mkono wa kushoto peke yake, nami mkono wangu hutetemeka mpaka mchuzi unatapakaa ukingoni. Kapteni wetu, yaani mhudumu mkuu anayetufundisha, hunisahihisha mbele ya wenzangu wote, na wawili kati yao wamesoma katika taasisi ya hoteli na utalii ya Jinja, hivyo mambo haya kwao ni marudio.

Pili, tumepewa menyu ya kurasa nyingi pamoja na orodha ya divai, na tunatakiwa kueleza kila chakula kimepikwaje, kina nini ndani yake, na kinafaana na divai ipi. Ninakariri hadi usiku wa manane, lakini kapteni akiniuliza ghafla kwa Kiingereza, vyote hunitoka. Juu ya hayo mimi ni Mwislamu na sinywi pombe. Wenzangu wanapoonjeshwa divai ili waielewe, mimi hujifanya nina kazi jikoni. Sijamwambia meneja chochote, na sijui kama inanifaa hata kuimimina.

Tatu, hatujapewa karatasi yoyote. Tangu wiki ya pili tunahudumia wageni wanaolipa, siku sita kwa wiki, kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, lakini tukiuliza kuhusu malipo tunajibiwa kwamba bado tuko mafunzoni. Mwenzangu alivunja glasi akaambiwa thamani yake itakatwa katika mshahara wake wa kwanza. Mama mdogo anasema nivumilie kwa kuwa kazi za Kololo hazipatikani ovyo, ilhali moyo wangu unaniambia nirudi nilikokuwa nikithaminiwa. Naomba unishauri kabla ya mtihani.

Binti wa Bombo,
Kawempe

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Usiondoke kabla ya mtihani. Sisemi hivyo ili kukuliwaza, bali kwa sababu nikiyapanga uliyoyaandika naona kwamba yanayokutoa jasho ni mambo ambayo mikono hujifunza kwa kurudia, ilhali yale ambayo ni magumu kumfundisha mtu mzima tayari unayo. Mtu aliyeweza kuhudumia chumba kizima saa ya chakula cha mchana karibu na paki ya teksi, akatambua nani gari lake linakaribia kujaa, nani anamsubiri mwenzake, na nani amekasirika lakini hasemi, anacho kipawa ambacho wenye migahawa ya Kololo na Nakasero hukitafuta kwa taabu. Mgeni anayelipa bei kubwa halipii chakula peke yake. Analipia pia kuonwa kabla hajainua mkono. Unachopungukiwa wewe ni utaratibu wa nyumba hiyo, na utaratibu hujifunzwa mezani penyewe, si katika daftari usiku wa manane.

Tuanze na sahani ulizoziondoa mapema. Katika mlo wa namna hiyo sahani haziondolewi mpaka wote waliokaa pamoja wawe wamemaliza, kwa sababu yule anayeendelea kula akiona wenzake wamekwisha kuondolewa vyombo, hujihisi anawachelewesha, naye huacha chakula alichokilipia. Alama ya kumaliza ni kisu na uma kulazwa sambamba juu ya sahani. Vikiwa vimeachana, mgeni bado anakula, hata kama ameinuka kwenda kuzungumza na simu. Ona jinsi kanuni hiyo inavyotoka katika huruma ileile uliyokuwa nayo Bombo, ila tu kule huruma ilikutaka uharakishe na huku inakutaka usubiri. Karibu kila kanuni ya meza ina sababu ya namna hiyo. Glasi ya divai hushikwa kwenye mguu wake kwa kuwa vidole huacha alama pale mgeni atakapoweka midomo, na kiganja hukipasha joto kinywaji kilichopozwa. Kisu huwekwa kulia, makali yakiielekea sahani, ili yasimtazame jirani. Vyombo hupangwa kwa mfuatano wa vyakula, vya kwanza vikiwa nje kabisa, ili mgeni asilazimike kuuliza aanze na kipi. Muulize kapteni sababu ya kila jambo, kwa adabu na baada ya zamu; ukiipata sababu, kanuni itakaa kichwani bila kukaririwa.

Utawasikia wengine wakisema kwamba chakula huletwa kutoka kushoto kwa mgeni, na wengine kutoka kulia, na pengine wenzako wa Jinja watakuwa na lao. Chakula kinachopakuliwa mezani kutoka katika sinia kubwa kwa desturi huletwa kushoto, kile kilichopangwa tayari katika sahani huletwa kulia katika nyumba nyingi, na vinywaji humiminwa kulia kwa sababu ndiko glasi ziliko. Shika desturi ya nyumba yako, wala usipoteze nguvu kubishana.

Sasa mkono wako unaotetemeka. Sahani ya kwanza ishike kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likibaki juu ya ukingo bila kuingia ndani. Ya pili ipitishe chini ya ya kwanza, ikae juu ya vidole vitatu vilivyobaki. Ya tatu iweke juu ya mkono wenyewe, nyuma kidogo ya kifundo, ikiegemea ukingo wa ile ya pili. Mara nyingi kinachotetemesha si udhaifu bali ni kiwiko kilichoachwa kikielea mbali na mwili. Kibane ubavuni, nawe utashangaa jinsi mzigo unavyotulia. Pale kwa mama mdogo chukua sahani za melamini, uzitie mchele mkavu, utembee kutoka jikoni hadi barazani na kurudi, ugeuke, upande kizingiti, useme na mtu huku unatembea. Mchele ukimwagika utajua ni sahani ipi iliyoinama, na utauokota bila hasara. Mchele ukitulia, tia maji badala yake. Fanya hivyo kidogo kila siku, maana mkono uliochoka haujifunzi kitu. Kwa upande wa trei, vitu vizito viweke katikati juu ya kiganja, na unapovitoa, toa mara upande huu, mara upande ule, la sivyo itapinduka mbele ya wageni hata kama una nguvu za mpiganaji.

Kuhusu menyu, nadhani unaikariri kwa namna isiyokusaidia. Mgeni hakuulizi ukurasa wa tatu una nini. Anauliza kitu hiki kimepikwaje, kina nini kinachoweza kumdhuru, kinachukua muda gani, na wewe ungechagua kipi. Nenda kwa mpishi kabla ya zamu, wakati jikoni kungali kimya, umwombe akuonyeshe vyakula viwili au vitatu tu, uvione vikiwa vibichi, uvinuse vikiwa motoni, na uvionje vile vilivyo halali kwako. Ukiwa umeona kuku wa luwombo akifungwa katika jani la mgomba lililobabuliwa kwa moshi, akawekwa juu ya mvuke hadi nyama inaachana na mfupa, hutahitaji daftari kumweleza mgeni kutoka Ujerumani kwamba jani hufunguliwa mbele yake na haliliwi, wala hutashangaa mgeni wa hapahapa akikuomba maji ya kunawa kwa kuwa hataki uma. Ukiwa umemwona sangara akikatwa minofu minene isiyo na miba, na ngege, yaani sato, akikaangwa mzima, utajua ni yupi wa kumshauri mama aliyekuja na watoto.

Hapa pana jambo ambalo sitaki ulipite haraka, kwa sababu linahusu uhai wa watu. Katika vyakula vyetu vya Uganda karanga na simsim huingia mahali ambapo mgeni hatarajii: katika mboga za majani zilizoungwa, katika odii, yaani siagi ya karanga na simsim ya kaskazini, katika mchuzi ambao kwa macho ni mchuzi wa kawaida tu. Wapo watu ambao karanga kidogo sana huwafungia pumzi. Mgeni akisema mwili wake haupatani na karanga, samaki, mayai au maziwa, usimjibu kwa kukisia, hata kama una hakika ya tisa kwa kumi. Mwambie, “Naomba nimuulize mpishi,” nenda ukamuulize mpishi mwenyewe na si mwenzako aliyesimama mlangoni, andika jibu kwenye oda, kisha urudi umweleze mgeni ulichoambiwa. Mpishi mkuu akikuuliza swali la namna hiyo siku ya mtihani, mpe jibu hilohilo. Anayejua kazi yake atalipenda kuliko orodha ndefu iliyosomwa bila kupumua.

Kiingereza kinakutoroka kwa sababu unajaribu kukumbuka sentensi zilizoandikwa na mtu mwingine. Tunga zako fupi, mbili kwa kila chakula, uziseme kwa sauti njiani unapotoka kituoni mpaka ulimi uzizoee. Wala usisahau kwamba Kampala hupokea wageni wa Nairobi, Goma na Dar es Salaam, na meza yao ikipata mhudumu anayezungumza Kiswahili kilichonyooka, hutulia mara moja. Mwambie kapteni kwamba uko tayari kuzichukua meza hizo. Tena wageni wengi wa mbali huuliza habari za kahawa baada ya kitindamlo. Wewe umekulia Bombo, wilayani Luweero, kunakolimwa kahawa ya robusta, zao ambalo asili yake ni misitu ya ukanda huu wetu. Ongeza kwamba arabika ya Uganda hutoka hasa katika miteremko ya Mlima Elgon na Rwenzori, nawe utakuwa na mazungumzo ambayo wenzako watayatafuta vitabuni.

Kapteni anayekusahihisha mbele ya watu mjibu kwa maneno mawili, “Nimeelewa, asante,” kisha rekebisha papo hapo. Akikusahihisha kazi, mvumilie. Akikutukana, au akikugusa usivyotaka, hilo si fundisho tena na unapaswa kulipeleka kwa meneja. Wale wa Jinja waombe mmoja akae kama mgeni, wewe uhudumu, kisha mbadilishane.

Juu ya divai umeyachanganya mambo mawili, na ningependa uyatenganishe. Kuijua divai hakuhitaji kuinywa. Unaweza kujifunza ipi ni kavu na ipi ni tamu, ipi ni nyepesi inayokwenda na samaki na ipi ni nzito inayostahimili nyama ya kuchoma, kwa kusikiliza wanaoionja na kuandika wanachosema. Unaweza kujua kwamba Pinotage ni zabibu iliyozalishwa Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, na kwamba chupa ya kawaida ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Hayo ni elimu tu. Kuimimina na kuiuza ni jambo jingine, nami sitatoa fatwa. Unajua kwamba masheikh wengi hukataza kuibeba na kuimimina kama wanavyokataza kuinywa, kwa hiyo mwendee sheikh unayemwamini, umweleze kazi yenyewe ilivyo bila kuipamba, na uamue ukiwa nyumbani. Usingoje kuamua chupa ikiwa mkononi na mgeni akikutazama.

Ukishaamua, mwambie meneja mwenyewe kabla ya mtihani. Kujificha jikoni kutaonekana kuwa ni uvivu, na hilo litakuumiza kuliko ukweli. Zipo njia ambazo nyumba nyingi huziweza: mhudumu wa baa apeleke divai katika meza zako, au uwekwe zamu ya asubuhi ya chai na kahawa, au usimame mlangoni kupokea wageni na kuwapeleka mezani, kazi inayohitaji jicho kama lako. Nao wakisema kwamba kila mhudumu lazima auze divai, na dhamiri yako imekataa, basi ondoka kwa amani na kichwa kikiwa juu, maana hiyo ni sababu ya haki. Ninachokukataza ni kuondoka kwa sababu ya sahani.

Nimeyaacha malipo mwisho, ila uyashughulikie kabla ya hayo mengine yote, na hapa simuungi mkono mama mdogo. Kujifunza kukunja vitambaa vya meza katika chumba kitupu ni mafunzo; kuhudumia wageni wanaolipa hadi saa sita usiku ni kazi, kwa jina lolote litakalopewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamhesabu hata mwanagenzi mwenye mkataba kuwa mwajiriwa. Inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, kinachoweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi 6 iwapo wewe mwenyewe umekubali, na katika kipindi hicho anayetaka kuvunja mkataba hutoa notisi ya siku 14, au mwajiri hulipa mshahara wa siku 7 badala yake. Saa za kawaida za kazi ni 48 kwa wiki. Zako, kwa hesabu ya saa 10 kwa siku sita, ni 60, na hata ukitoa muda wa kula unavuka, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Makato yanayoruhusiwa katika mshahara yametajwa na sheria. Mwajiri hajiamulii tu kukata, kwa hiyo mwenzako aombe aonyeshwe kwa maandishi kanuni ya glasi ilikotoka. Kuhusu akiba ya uzeeni, mwajiri huchangia asilimia 10 katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii (NSSF) na wewe asilimia 5. Sheria haitakulinda kwa kiwango cha chini cha mshahara, kwa kuwa kiwango cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984 hakijabadilishwa hadi leo, na ndiyo maana usikubali kuingia katika mtihani bila kujua utalipwa kiasi gani.

Nenda kwa meneja mchana, kabla wageni hawajaanza kuingia, pamoja na wenzako ikiwezekana, kwa kuwa hili si shauri lako peke yako. Usiende kwa lawama. Uliza mafunzo yanaisha tarehe gani, siku mlizowahudumia wageni zitalipwaje na lini, mshahara wa atakayefaulu ni kiasi gani, bakshishi za wageni hugawanywaje, na mhudumu anayetoka saa sita usiku anafikaje Kawempe, maana nauli ya boda ya usiku inaweza kula sehemu kubwa ya ulichokipata, na usalama wako njiani una thamani kuliko zamu yoyote. Mwajiri ana wiki 12 tangu uanze kazi kukupa maelezo ya ajira yako kwa maandishi, lakini hakuna kinachomzuia kuyatoa mapema. Akikataa kabisa kulipa kazi iliyokwisha kufanyika, afisa kazi wa serikali ndiye wa kumpelekea shauri hilo. Majibu utakayopewa yaandike siku hiyohiyo, pamoja na tarehe na jina la aliyekujibu, na orodha ya siku na saa ulizofanya kazi tangu wageni walipoanza kupokewa, uviweke nyumbani kwa mama mdogo na si katika kabati la kazini.

Shangazi